Shoga, mrudishe mwimbaji

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Unguja. Bibi na shangazi hawajambo, wanakusalimu na kukuombea dua kwenye masomo yako huko Dar.

Filamu yako ya taarab imenifika, na kama ulivyoniomba, sikuitazama peke yangu. Jana baada ya isha niliwakusanya watu wa nyumbani, nikaiweka kwenye televisheni, nami nikakaa pembeni kuwaangalia wao.

Mwanzoni walitulia, bibi anaimba chinichini. Ukafika ubeti wa mwisho, mwimbaji kavuta pumzi atoe neno lenyewe, na wewe hapo hapo ukatupeleka kwenye vidole vya mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Shangazi akapiga ukelele: "Mrudishe! Mrudishe!"

Vidole vile umevipiga picha vizuri sana, na sishangai kuwa wenzako darasani wamevisifu. Lakini aliyekulia kwenye taarab husubiri maneno. Neno likimgusa huinuka akaenda kumtunza mwimbaji kwa pesa, na pengine anatunza huku kamkazia macho yule anayetaka ujumbe umfikie. Ukumbi mzima unajua anaambiwa nani. Hayo ndiyo maoni ya hadhira tuliyoyakuta kwa wazee wetu, na kwenye filamu yako hayamo! Baki na uso wa mwimbaji mpaka neno limalizike, kisha tuonyeshe anayeinuka na noti mkononi. Ganuni ipe nafasi yake kwenye bashraf, pale ambapo ala ndizo zinazozungumza.

Usifanye kila walilosema, lakini. Shangazi anataka uyatoe mahojiano yote, zibaki nyimbo tu. Mimi nilikuwa namtazama: alianza kuchoka pale fidla ilipoifunika sauti ya mzee anayesimulia, akawa anauliza kila mara, "Kasema nini?" Kinachomkera ni kutosikia. Shusha muziki kila mtu anapozungumza, halafu jaribu kuisikiliza kwa spika ya simu, maana wengi ndivyo watakavyoisikia. Malalamiko yao yachukue yote. Namna ya kurekebisha ipime mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua picha ulizo nazo.

Wadogo zangu nao, ilipopita picha ya Siti binti Saad, mwimbaji wetu mkubwa wa taarab wa zamani, waliuliza huyu ni nani. Bibi alisikitika kweli, na mimi pia. Hukuandika jina, na picha yenyewe inapita haraka. Andika jina lake, useme kwamba mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za Kiswahili. Mtoto wa leo asipoambiwa hapo, ataambiwa wapi?

Kuhusu wanafunzi wenzako: ukiwauliza kama wameipenda, watasema ndiyo, kwa kuwa wanakupenda wewe. Waombe wakusimulie walichokiona, tena siku ya pili yake. Sehemu ambayo hakuna aliyeikumbuka itazame upya. Na watafute wasiowahi kuiona kabisa, kwa sababu aliyekwisha kuiona mara tatu masikio yake yanajaza yenyewe yasiyosikika.

Kwenye ripoti ya mradi usiandike tu kwamba watazamaji wamefurahi. Weka kipande cha ubeti ule kilivyokuwa na kitakavyokuwa, ueleze nani alisema nini na kwa nini umebadilisha. Ushauri ulioukataa uandike pia na sababu zake. Mimi ningekuwa mwalimu wako, hapo ndipo ningeanza kusoma.

Toleo jipya nitumie kabla ya Jumamosi. Kuna bibi jirani yetu, ujanani aliimba kwenye kikundi cha wanawake, na amekubali kuja kuitazama. Hasemi la kukufurahisha. Nitamwomba ruhusa nimrekodi akizungumza, uyasikie maneno yake mwenyewe bila mimi kuyapunguza.

Ni mimi shoga yako akupendaye.