Tafuteni babu zenu kwenye kurasa za mashairi

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaotafuta nasaba zao hufungua magazeti ya zamani, wakapitia tanzia peke yake, na wasipoona jina la babu hufunga jalada. Wanaacha hazina, hasa katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Humo mtu wa kawaida utamkuta kwenye barua na mashairi kuliko kwenye habari. Anza na ubeti wa mwisho: baada ya "kaditama" au "tamati", mshairi huweza kujitaja yeye na mji wake, pengine na jina la baba. Akitumia lakabu, iandike. Itakusaidia kumtambua katika matoleo mengine.

Jina moja litafute kwa sura zote: Selemani, Sulemani, Suleiman, Abdala, Abdallah. Kiswahili sanifu kilikuwa hakijatulia, na aliyebatizwa ukubwani ana majina mawili. Miji nayo ilibadilishwa majina. Katika maandishi ya enzi za Wajerumani, Lushoto ni Wilhelmstal na Kasanga ni Bismarckburg.

Tarehe ndiyo inayowaangusha wengi. Siku ya gazeti si siku ya msiba; kwa gazeti la mwezi, habari ya kifo huweza kuchelewa miezi. Tena, kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, kwa hiyo aliyefariki "usiku wa Ijumaa" huenda alifariki Alhamisi jioni. Mwezi wa Mfungo Sita, ule wa Maulidi, hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kizungu, basi usiubadili kuwa Juni au Julai kabla ya kujua mwaka.

Na "mtoto wa marehemu" msimchore kwenye mti wa ukoo kwa haraka. Mtoto wa ndugu pia ni mtoto. Mthibitisheni kwa cheti cha ubatizo, cha ndoa, au kwa mzee wa upande wa pili.

Vipande vilivyokatwa na kuhifadhiwa nyumbani visivyo na tarehe, vigeuzeni. Tangazo la bei au matokeo ya mpira upande wa nyuma huweza kuonyesha mwaka. Msivibandike kwa gundi ya utepe, maana huacha doa na kuchana karatasi. Maktabani pigeni picha bila mwanga wa kamera, ukurasa mzima pamoja na jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa, ndipo msogee karibu.

Kwako, Mhariri, tuna ombi. Tanzia za siku hizi hutaja msiba uko wapi na maziko ni saa ngapi, basi. Waombeni wafiwa waongeze mwaka wa kuzaliwa, kijiji cha asili, na jina la ukoo la mama wa marehemu. Ni mistari miwili tu.

Wasomaji wako,
Tanga