Tusome jalada kabla ya kushika koleo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa watoto watatu wa familia ya Beaumont waliopotea Adelaide, Australia, tarehe 26 Januari 1966. Jane alikuwa na miaka 9, Arnna 7 na Grant 4. Kila mjadala huu unapofufuka watu hukimbilia swali moja: nani aliwachukua? Yanatajwa majina ya watu waliokwisha kufa, na kila upande unashikilia mtu wake. Nadhani swali hilo tunaliuliza mapema mno. Kesi kadhaa za namna hii zilizopata ufumbuzi baada ya miaka mingi zilifumbuliwa na karatasi, au nguo, iliyowekwa kabatini tangu mwanzo ikasahaulika. Mshukiwa aliyekuwa midomoni mwa watu hakuwa ndiye aliyetenda. Kwa hiyo tunachopaswa kuulizana ni nani aliona nini, saa ngapi, na alilisema lini kwa mara ya kwanza.

Chukua saa za siku ile. Ilikuwa Jumatano, siku ya taifa ya Australia, na ufukwe wa Glenelg ulifurika watu. Watoto walitoka nyumbani Somerton Park asubuhi kwa basi, mwendo wa dakika chache, na walitarajiwa kurudi na basi la saa sita mchana. Mashahidi waliwaona wakicheza na mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, wa umri wa miaka thelathini na kitu. Karibu na saa sita walinunua vyakula katika duka la mikate, ikiwamo pai ya nyama, wakalipa kwa noti ya pauni moja. Mama yao hakuwa amewapa noti, aliwapa sarafu. Polisi waliarifiwa kama saa 1:30 usiku.

Halafu kuna tarishi wa posta. Alikuwa akiwafahamu watoto hao, na alisema aliwaona wakitembea peke yao kutoka upande wa ufukweni, wakiwa wachangamfu, kama saa 9 alasiri. Siku mbili baadaye akasema huenda ilikuwa asubuhi. Watu wengi hulipita jambo hili haraka, nami naliona ndilo bawaba ya mlango wote. Kama ilikuwa saa 9, basi watoto walikuwa huru saa tatu baada ya basi walilotakiwa kupanda, na msako unapaswa kulenga barabara ya kurudi nyumbani. Kama ilikuwa asubuhi, mara ya mwisho ya uhakika kuonekana ni karibu na saa sita mchana, na macho yote yanarudi ufukweni na kwenye ile noti ya pauni. Hizo ni kesi mbili tofauti, zenye maeneo tofauti ya kupekua na mashahidi tofauti wa kuhojiwa. Anayechagua mshukiwa kabla ya kuchagua saa amejenga ukuta bila msingi.

Noti yenyewe ina funzo jingine. Australia iliacha pauni na kuanza kutumia dola tarehe 14 Februari 1966, siku 19 tu baada ya watoto kupotea. Kwa hiyo kumbukumbu yoyote inayohusu malipo ya wiki ile inaweza kupimwa. Anayesimulia kwamba siku ile alilipwa dola anachanganya siku mbili. Si lazima awe mwongo, maana kumbukumbu ya mwanadamu hushona vipande vya siku mbalimbali ikavifanya nguo moja. Ila tarehe yake haiwezi kutegemewa mpaka ithibitishwe kwa kitu kingine. Vipimo vya aina hii ndivyo vinavyokosekana katika mazungumzo yetu: sarafu ya wakati ule, ratiba ya basi, siku ya wiki, saa ya jua kuchwa, barabara iliyokuwa bado haijajengwa.

Sasa nitoe mfano wa mahali ambapo karatasi ya zamani ilisema. Tarehe 25 Machi 1975, dada wawili wa familia ya Lyon, Sheila mwenye miaka 12 na Katherine mwenye miaka 10, walipotea baada ya kwenda kwenye kituo cha maduka cha Wheaton Plaza, jimbo la Maryland, Marekani. Kwa miaka mingi umma ulimzungumzia mwanamume mmoja wa makamo aliyeonekana akiwa na kinasa sauti. Picha yake ya kuchorwa ilisambazwa kila mahali, na taarifa zikamiminika juu yake. Lakini wiki moja baada ya tukio, kijana wa miaka 18 alikwenda mwenyewe kutoa maelezo kwamba aliwaona wasichana wakichukuliwa. Alipimwa kwa mashine ya kupima uongo, akashindwa, akaachwa aende zake, na maelezo yake yakatiwa kwenye jalada. Mwaka 2013 mpelelezi aliyekuwa akilipitia jalada upya aliyakuta maelezo hayo. Kulikuwa pia na mchoro wa kijana mwenye nywele ndefu aliyeonekana akiwaandama wasichana, na ukafanana na picha ya polisi ya kijana yule ya miaka ya 1970. Mwaka 2017 alikiri makosa mahakamani. Jina lake lilikuwa mikononi mwa polisi tangu 1975, huku nchi nzima ikimtafuta mtu wa kinasa sauti.

Mfano wa pili unaonyesha faida na madhara ya mjadala wa hadhara kwa pamoja. Jacob Wetterling, mwenye miaka 11, alitekwa na mtu mwenye silaha aliyefunika uso tarehe 22 Oktoba 1989 huko Minnesota, akiwa na ndugu yake na rafiki yao, wakirudi nyumbani kwa baiskeli. Miezi michache kabla yake mvulana mwingine alitekwa katika mji jirani, akadhulumiwa na kuachiwa, na nguo zake zikahifadhiwa. Miaka mingi baadaye mwandishi mmoja wa kawaida na yule mvulana, ambaye sasa ni mtu mzima, walikusanya habari za mashambulizi mengine dhidi ya wavulana katika mji wa Paynesville kati ya miaka ya 1986 na 1988. Hawakutangaza jina la mtu. Walipanga tarehe, mahali na namna mshambuliaji alivyotenda, wakaonyesha kwamba matukio yanafanana. Wapelelezi wakarudi kwenye nguo zilizohifadhiwa, na mwaka 2015 vinasaba vikamwonyesha mtu ambaye walishamhoji muda mfupi baada ya tukio la 1989. Septemba 2016 aliwaongoza hadi mahali alipozika mwili wa Jacob.

Wakati huohuo jirani mmoja asiye na hatia alikuwa ametajwa hadharani mwaka 2010 kuwa mtu anayechunguzwa, na shamba la familia yake likachimbwa. Aliishi na doa hilo kwa miaka sita. Ninawasihi wanaotaja majina magazetini na redioni wamfikirie mtu huyo. Tofauti kati ya mjadala uliomsaidia Jacob na ule uliomuumiza jirani ni ndogo kwa macho: mmoja ulipanga matukio, mwingine ulinyoosha kidole.

Nije kwenye uchimbaji, kwa sababu hapa ndipo kesi ya Beaumont imekula fedha na matumaini. Mwaka 1966 mwaguzi kutoka Uholanzi aliletwa Adelaide, akadai watoto wamefukiwa chini ya ghala jipya. Umma ulichanga fedha, sakafu ikavunjwa mwaka 1967, hapakuwa na kitu. Mwaka 1996 mahali hapo pakapekuliwa tena, na hapakuwa na kitu. Eneo la kiwanda huko North Plympton, kitongoji cha Adelaide, lilichimbwa mwaka 2013, likachimbwa tena Februari 2018 wakakuta mifupa ya wanyama, na Februari 2025 likachimbwa kwa fedha za watu binafsi, bila mafanikio.

Wasomaji wengi huamini kwamba mashine ikisema kuna kitu chini, basi kuna mwili. Sivyo. Rada ya kupenya ardhi hutuma mawimbi na kupokea mwangwi pale udongo unapobadilika. Haioni mfupa wa mtoto. Inaonyesha kwamba hapa udongo uliwahi kuchimbuliwa na kurudishwa, au pana bomba, mzizi mkubwa, mtaro wa zamani, shimo la taka. Katika mchanga mkavu mawimbi hushuka vizuri. Katika udongo wa mfinyanzi wenye maji na chumvi hufa karibu na uso wa ardhi. Vipimo vya kupitisha umeme ardhini navyo huonyesha tofauti ya unyevu, basi. Kiwanja cha kiwanda kilichotumika kwa miongo kadhaa kina mashimo mengi ya halali, kwa hiyo alama moja kwenye ramani ya mashine ni mwaliko wa kuuliza, haijawa jibu. Kabla ya mtambo wa kuchimba kuletwa, mambo matatu yapatikane: picha za angani za miaka ile zinazoonyesha shimo lilikuwepo au halikuwepo, michoro ya mabomba na misingi ya majengo, na shahidi aliyeonyesha mahali hapo kabla hajaona matokeo ya mashine. Na zoezi lenyewe lifanywe kwa kukwangua tabaka nyembamba chini ya macho ya mtaalamu wa mambo ya kale na mtaalamu wa mifupa, udongo ukichekechwa. Mifupa na meno ya mtoto wa miaka minne ni midogo, na mtambo ukipiga bakuli lake mara moja vinakwenda na kifusi.

Nguvu ya kuhifadhi vitu vidogo ilionekana katika kesi hii hii. Kama miaka miwili baada ya tukio wazazi walipokea barua zilizodai kuandikwa na Jane na mtu aliyewashikilia, zikiwa na muhuri wa posta wa Dandenong, jimbo la Victoria. Walisafiri hadi mahali pa kukutana wakangoja, hakutokea mtu. Mwaka 1992 alama za vidole kwenye barua hizo zilimfichua mwandishi wake, mwanamume aliyekuwa kijana mdogo wakati huo, aliyesema alifanya mzaha. Mzaha wa kikatili namna gani kwa wazazi wale! Lakini angalia: karatasi ilitunza alama kwa zaidi ya miaka 20 kwa sababu kuna mtu aliihifadhi vizuri.

Kwa msomaji mwenye habari ya zamani kuhusu mtoto yeyote aliyepotea, utaratibu ni huu. Andika kabla ya kusoma makala nyingine na kabla ya kuzungumza na ndugu zako, kwa sababu ukishasikia simulizi ya mwingine, vipande vyake vitaingia katika yako bila wewe kujua. Andika ulipokuwa umesimama, umbali kwa hatua, mwanga ulitoka wapi, nani alikuwa nawe. Tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na ulichokuja kukifikiri baadaye. Kila kimoja ukurasa wake. Eleza unajuaje kuwa ni siku ile, kwa mfano risiti, zamu ya kazi, sherehe, shajara. Weka tarehe na saini. Peleka kwa polisi wanaoshughulikia kesi za zamani, uombe namba ya kumbukumbu. Kama hakuna jibu, usiandike upya kwa kunogesha. Peleka nakala ileile. Maelezo yanayokua kila yanaporudiwa hupoteza thamani hata pale ambapo kiini chake ni kweli. Usijali kwamba pengine uliisema habari hiyo zamani. Huenda iliandikwa na afisa aliyekwisha kustaafu na haijawahi kulinganishwa na ya mtu mwingine.

Donge nono nalo lina upande wake mgumu. Serikali ya Australia Kusini imeweka zawadi ya dola milioni moja. Fedha hiyo inaweza kumfungua mdomo mtu aliyenyamaza kwa hofu au kwa undugu, lakini huleta pia mafuriko ya kubahatisha. Njia ya kuyachuja ni polisi kuweka siri maelezo machache, ya nguo au vitu walivyobeba watoto, ambayo mkweli peke yake angeyajua. Mwandishi anayechapisha kila kitu anawanyang'anya chujio hilo.

Kuhusu vinasaba, familia zisingoje mabaki yapatikane. Sampuli bora ni ya baba na mama. Katika kesi ya Beaumont mama alifariki mwaka 2019 na baba mwaka 2023, na familia nyingi zinafika hapo bila kujua walichopoteza. Sampuli huchukuliwa kwa kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu, kikaachwa kikauke, kikatiwa katika bahasha ya karatasi. Plastiki hufungia unyevu na ukungu ukaharibu kila kitu. Wazazi wakishaondoka, watafutwe ndugu wa upande wa mama: kuna aina ya vinasaba inayotoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, lakini wanaoirithisha ni mabinti pekee. Hivyo mtoto wa dada wa mama anafaa, mtoto wa kaka wa mama hafai kwa kipimo hicho. Meno ya utotoni yaliyowekwa kwenye kopo, kitana chenye nywele, bahasha iliyolambwa gundi: visioshwe, visishikwe kwa mikono mitupu, visigawanywe kwa ndugu kama ukumbusho.

Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Gazeti litakapochapisha tena habari ya kesi hii au nyingine kama hii, mbele ya kila dai liandikwe mwaka ambao dai hilo lilisemwa kwa mara ya kwanza. Dai la Januari 1966 na dai lililozaliwa miaka 40 baadaye visikae mstari mmoja kana kwamba vina umri sawa.

Wako,
Msomaji