Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani

Kwa Mheshimiwa Brendan Carr,
Mwenyekiti, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano (FCC),
Washington, D.C.

Yah: Ukomo wa umiliki wa vituo vya televisheni, na utambulisho wa wanaolipia matangazo ya kampeni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Columbus, Ohio, mpiga kura na mtazamaji wa televisheni ya kawaida, ile inayopokelewa kwa antena bila malipo. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka isomwe kwanza na wenzangu wa lugha hii waliotapakaa katika majimbo mbalimbali, ambao wengi wao wamepata uraia wa Marekani na wanapiga kura kwa kutegemea yale wanayoyaona kwenye vituo vinavyopewa leseni na Tume yako. Tafsiri yake ya Kiingereza itafika ofisini kwako kwa njia ya kawaida.

Watu wanapojadili nguvu ya makampuni ya habari katika siasa za nchi hii, mara nyingi hugawanyika makundi mawili: wanaosema makampuni yamekuwa na nguvu mno na serikali iyabane, na wanaosema serikali ndiyo yenye nguvu mno na makampuni yaachwe yafanye yatakavyo. Matukio ya mwaka 2025 yamenionyesha kwamba makundi yote mawili yamekosa jambo moja. Kampuni ya habari kadiri inavyopanuka ndivyo inavyozidi kuwa na nguvu juu ya mwananchi, na wakati huohuo ndivyo inavyozidi kuwa dhaifu mbele ya mwenye madaraka. Mwenye kituo kimoja katika mji mmoja hana mengi ya kuiomba Washington, isipokuwa kuhuishwa kwa leseni yake kila baada ya miaka 8. Mwenye vituo 200, anayetaka kununua vingine 64, ana ombi mezani kwako wakati wote, na mwenye shida ya saini ya mtu ni vigumu kumwambia mtu huyo ukweli usoni.

Naanza na Septemba 2025, kwa kuwa wewe mwenyewe ulihusika. Mchekeshaji Jimmy Kimmel alitoa maneno katika kipindi chake cha ABC kufuatia kuuawa kwa mwanaharakati wa kihafidhina Charlie Kirk, maneno ambayo yaliwaudhi wengi, na walioudhika walikuwa na haki kamili ya kubadili chaneli au kulalamika. Tarehe 17 ya mwezi huo ulisema katika mahojiano kwamba jambo hilo linaweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Siku hiyohiyo Nexstar, kampuni inayomiliki vituo vingi vya mikoani, vikiwemo vinavyorusha vipindi vya ABC, ilitangaza kwamba vituo vyake havitarusha kipindi hicho, Sinclair, kampuni nyingine ya aina hiyo, ikafuata, na ABC ikakisimamisha. Kilirudi hewani tarehe 23, lakini vituo vya makampuni hayo mawili vilikaa siku kadhaa zaidi bila kukirusha. Mwezi mmoja kabla, Nexstar ilikuwa imetangaza mpango wa kuinunua Tegna, nayo kampuni ya vituo vya televisheni, kwa dola bilioni 6.2, mpango ambao usingeweza kupita bila idhini ya Tume yako. Kampuni ilisema uamuzi wake haukutokana na shinikizo. Huenda ni kweli. Ila mtazamaji hana namna ya kujua, na hilo peke yake ni hasara, kwa sababu chombo cha habari kinachoshukiwa kwamba kinajipendekeza hakiaminiki hata kinaposema kweli. Hata Seneta Ted Cruz, ambaye ni wa chama chako, alikukosoa waziwazi kwa maneno yale.

Miezi miwili kabla ya hapo tulikuwa tumeona jambo linalofanana nalo. Paramount, kampuni mama ya CBS, ilikubali mwezi Julai kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi ambayo Rais Trump aliifungua kuhusu namna CBS ilivyoyahariri mahojiano yake na Kamala Harris, kesi ambayo wanasheria wengi waliiona kuwa haina miguu. Tarehe 24 ya mwezi huohuo Tume yako iliidhinisha kampuni hiyo ichukuliwe na kampuni ya filamu ya Skydance kwa thamani ya dola bilioni 8, kwa kura 2 dhidi ya 1, Kamishna Anna Gomez akipinga. Sidai kwamba malipo yalinunua idhini. Ninachosema ni kwamba mhariri wa CBS anayefanya kazi chini ya kampuni isiyo na muungano wa mabilioni unaosubiri kibali angeitetea kazi yake mahakamani, na inaelekea angeshinda.

Kuna jambo uliloliandika mwenyewe mwaka 2019, ulipokuwa kamishna wa kawaida, kwamba Tume haikupewa mamlaka ya kuzunguka ikiyadhibiti maneno ya watu kama polisi kwa jina la maslahi ya umma. Niliposoma maneno hayo nilikubaliana nayo, na bado nakubaliana nayo.

Wala nisieleweke kwamba makampuni haya ni wanyonge wa kuhurumiwa. Kwa mwananchi wa kawaida yana mkono mzito. Tarehe 30 Aprili 2004 mtangazaji wa ABC Ted Koppel alitumia kipindi chake cha Nightline kuyasoma majina ya wanajeshi wa Marekani waliouawa Iraq, na Sinclair ikaviamuru vituo vyake vya ABC visikirushe, ikidai kwamba kipindi hicho ni siasa. Seneta John McCain, mwanajeshi na mfungwa wa zamani wa vita, aliandika kuilaani hatua hiyo. Mwaka 2018 kampuni hiyohiyo iliwapa watangazaji wa vituo vyake kadhaa nchini tamko moja la kusoma, na mtu alipoziunganisha picha zao tukawaona wakitamka sentensi zilezile kwa sauti moja, kila mmoja akijifanya anazungumza na watu wa mji wake. Watangazaji wale walikuwa watu ambao watazamaji wamewazoea kwa miaka, huwakuta madukani na makanisani, na imani hiyo ndiyo iliyoazimwa bila wao kuulizwa. Tamko lenyewe, ajabu ni kwamba, lilikuwa linaonya dhidi ya habari za upande mmoja.

Nguvu ya namna hii haikuota yenyewe, iliruhusiwa kwa sheria. Sheria ya Mawasiliano ya 1934 iliyaweka masafa kuwa mali ya umma, na mwenye leseni kuwa mtumiaji tu, kwa sharti la kutumikia maslahi ya umma. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Red Lion, ilisema kwamba haki iliyo juu zaidi ni ya watazamaji na wasikilizaji, si ya wenye vituo. Halafu ikaja Sheria ya 1996, iliyotiwa saini na Rais Clinton, ikaondoa ukomo wa idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima, na katika miaka michache tu Clear Channel ikawa na vituo zaidi ya 1,200. Kwa televisheni, ukomo wa kaya ambazo vituo vya kampuni moja vinaweza kuzifikia ulipandishwa kutoka asilimia 25 ya kaya za nchi hadi asilimia 35, na mwaka 2004 Bunge likauweka kwenye asilimia 39. Ukomo huo nao una tundu: kanuni ya mwaka 1985 inahesabu nusu tu ya watazamaji wa vituo vya UHF, yaani vya masafa ya juu zaidi, kwa kuwa wakati ule mawimbi hayo yalishika kwa shida. Televisheni ilihamia kwenye dijitali mwaka 2009 na sababu hiyo ikafa, Tume ikaifuta kanuni mwaka 2016, kisha ikairudisha mwaka 2017. Kwa hesabu za Nexstar yenyewe, kampuni iliyoungana na Tegna ingefikia asilimia 80 ya kaya za Marekani. Asilimia 80 ndani ya ukomo wa 39 ni hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeikataa.

Niruhusu nieleze maana yake hapa Columbus. Wakati mpango ule unatangazwa, NBC4 ilikuwa ya Nexstar na 10TV ilikuwa ya Tegna, na ABC6 pamoja na Fox28 zilikuwa zikiendeshwa na Sinclair. Kwa hiyo mpango ulivyotangazwa ungeziacha habari za televisheni za kibiashara za mji mkuu wa Ohio mikononi mwa makampuni mawili, ambayo ndiyo hayohayo yaliyokizima kipindi cha Kimmel siku ileile. Sisemi kwamba zamani palikuwa peponi. Kwa miongo mingi familia ya Wolfe ilimiliki gazeti la Columbus Dispatch pamoja na televisheni na redio za WBNS, na ni wanasiasa wachache wa mji huu waliothubutu kuiudhi. Lakini familia hiyo ilikaa hapa, ikajulikana kwa jina na kwa sura, na haikuhitaji Ikulu ya Marekani iifurahie ili biashara yake isonge.

Wakubwa wa makampuni haya watakuambia kwamba bila kuungana watakufa, kwa kuwa Google, Meta na YouTube zimezoa matangazo ya biashara na hazina ukomo wowote. Hoja hii ina uzito na sipendi kuipuuza, kwani nchi hii imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake tangu mwaka 2005. Tatizo ni dawa wanayoipendekeza. Vituo viwili vya mji mmoja vinapoungana, kinachookoa fedha ni kukifanya chumba cha habari kiwe kimoja badala ya viwili, maana yake mwandishi anayekaa kwenye kikao cha baraza la jiji anabaki mmoja pale walipokuwa wawili. Isitoshe, YouTube haitumii masafa ambayo umma umeyagawa bure kwa masharti, na wanaotaka kuachiwa na masharti hayo wangeanza kwa kuyalipia masafa.

Halafu kuna fedha za kampeni, eneo ambalo makampuni hulizungumzia kwa furaha mbele ya wenye hisa na kwa ufupi mbele ya watazamaji. Mkuu wa CBS, Leslie Moonves, alisema mwezi Februari 2016 kwamba uchaguzi ule huenda haukuwa mzuri kwa Marekani lakini ulikuwa mzuri mno kwa CBS, na watu walimshutumu kana kwamba kosa lake lilikuwa ni kusema. Sheria inawataka wenye vituo wamuuzie mgombea muda wa matangazo kwa bei yao ya chini kabisa katika siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Makundi ya nje, yale yasiyo na ukomo wa matumizi tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Citizens United ya mwaka 2010, hayana kinga hiyo, na hutozwa bei yoyote ambayo soko litavumilia. Mkono mtupu haulambwi, na mkono unaolipa kuliko wote katika miji kama wetu ni wa makundi hayo. Chumba cha habari kinachotakiwa kuyachunguza kinalishwa nayo kila baada ya miaka miwili.

Sisi wa Ohio tuliliona hili waziwazi mwaka 2024. Kinyang'anyiro cha Seneti kati ya Sherrod Brown na Bernie Moreno kiligharimu zaidi ya dola milioni 400 za matangazo, kiwango ambacho hakuna kinyang'anyiro cha Seneti kilichowahi kukifikia. Kundi moja lililomuunga mkono Moreno lilitumia karibu dola milioni 40, na jina lililoandikwa chini ya skrini lilikuwa Defend American Jobs, yaani jina la kulinda ajira za Wamarekani. Fedha zilitoka kwa makampuni ya sarafu za kidijitali, yakiwemo Coinbase na Ripple, ambayo yalikuwa na ugomvi na Brown kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya benki ya Seneti. Matangazo yenyewe karibu hayakuitaja sarafu ya kidijitali. Mtu angeweza kuyatazama mara mia jikoni kwake bila kufahamu ni nani anayemsemesha. Na sina haja ya kuchagua upande hapa, kwa sababu makundi ya Democrats yana majina ya kupendeza vilevile.

Kifungu cha 317 cha Sheria ya Mawasiliano kinataka kituo kimtaje hewani aliyelipia tangazo, na kanuni za Tume zinataka utambulisho huo uwe wa kweli na kamili. Tume imekuwa ikiridhika na jina la kundi. Sihitaji sheria mpya ipite Bungeni ili hilo libadilike, inatosha Tume iisome kanuni yake kama ilivyoandikwa: kundi linalolipia tangazo huku likilishwa na watoaji fedha wachache wakubwa liwataje watoaji hao kwenye skrini, kwa herufi zinazosomeka. Hatua hii haimzuii mtu kusema lolote.

Sikuombi uirudishe Kanuni ya Usawa, iliyovitaka vituo virushe maoni ya pande mbalimbali na iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1987. Baadhi ya marafiki zangu wanaililia, nami nilipoyaona ya Septemba 2025 nilizidi kuiogopa, maana kanuni inayomruhusu mwenyekiti wa Tume apime uwiano wa maoni ingekuwa fimbo mkononi mwako leo na mkononi mwa mpinzani wako kesho. Ninachoomba ni kwamba vituo viwe mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba fimbo ya mtu mmoja isiwafikie wote.

Kwa hiyo naomba Tume iufuate ukomo wa asilimia 39 bila ile hesabu ya nusu, ianze kukitekeleza kifungu cha 317 kabla ya msimu ujao wa matangazo ya kampeni, na itamke kwa maandishi kwamba maudhui ya vipindi hayatazingatiwa katika kuamua maombi ya kununua vituo. Aidha, naomba msikilize watu kabla ya kuamua. Mwaka 2006 na 2007, chini ya Mwenyekiti Kevin Martin, makamishna walikwenda Los Angeles, Nashville, Harrisburg, Tampa, Chicago na Seattle kuwasikiliza wananchi kuhusu umiliki wa vyombo vya habari, na watu walijipanga foleni hadi usiku kupata dakika zao chache kwenye kipaza sauti. Ukiamua kuanza upya ziara kama hizo, Columbus iwe miongoni mwa vituo vya kwanza, na tangazo la kikao litolewe mapema ili wanaofanya kazi zamu za usiku maghalani waweze kuomba ruhusa. Ukumbi na wakalimani tutawatafuta sisi.

Wako mtiifu,

Mpiga kura na mtazamaji,
Columbus, Ohio