Wakufunzi wa afya waanze na daftari, programu baadaye

Ndugu Mhariri,

Siku hizi ni nadra semina ya afya kumalizika bila kipindi cha akili mnemba. Sisi wakufunzi wa vyuo vya afya vya kati tunaitwa, tunafundishwa kuandika mistari kadhaa ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), tunaiona kompyuta ikitabiri nani atapona na nani atakufa, tunapigwa picha na vyeti mkononi, basi. Semina zenyewe sizipingi. Ugomvi wangu ni kwamba zinaanza na programu, wakati shida yetu iko kwenye data.

Chukua malaria. Kabla vipimo vya haraka havijasambaa zahanati, wagonjwa wengi wenye homa waliandikwa malaria, wakapewa dawa, mambo yakaisha. Mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotaka kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Mkufunzi asiyeijua historia hiyo ataiingizia kompyuta kumbukumbu za miaka yote, nayo itajifunza mazoea ya waganga wa enzi zile ikidhani inajifunza ugonjwa. Mchoro utaonyesha malaria ikiporomoka, na darasa zima litakisifu chandarua. (Chandarua kinastahili sifa, ila si kwa mteremko wote huo; sehemu yake ni vipimo kuwaondoa wenye homa nyingine.)

Marekani yamewakuta. Watafiti waliotumia rekodi za wagonjwa wa nimonia walikuta mashine imejifunza kwamba mwenye pumu yuko katika hatari ndogo ya kufa kuliko asiye na pumu. Hesabu haikukosea. Wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi, wakahudumiwa kwa nguvu zote, wengi wakapona. Rich Caruana na wenzake walikieleza kisa hicho mwaka 2015. Tabibu yeyote aliyewahi kushika zamu wodini akiliona jibu hilo anashtuka. Mtu wa kompyuta akiwa peke yake anaweza kulipitisha. Kwa hiyo tusiingie kwenye semina hizi kama wageni. Tuna kitu cha kuleta mezani.

Ningependa mkufunzi, kabla hajagusa programu yoyote, afundishwe kulihoji daftari la MTUHA, lile la kituo linaloandikwa taarifa za wagonjwa, kama shahidi: nani alijaza, alijaza mgonjwa akiwa mbele yake au jioni kwa kukumbuka, na kisanduku kilichoachwa wazi kina maana gani. Aliyekuwa hana haja ya kupimwa, aliyekosa kipimo kwa sababu vitendanishi vimeisha, na aliyepimwa majibu yakasahaulika kuandikwa, wote watatu wakifika kwenye kompyuta ni nafasi tupu ileile.

Kisha kuna swali ambalo wawezeshaji hulikwepa: data ya mazoezi itoke wapi? Taarifa za MTUHA tunazoingiza DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kila mwezi ni jumla za kituo. Hazisemi mgonjwa fulani alikuja na nini akaondoka na nini. Ndiyo maana wengi hukimbilia MIMIC, hazina ya rekodi za wagonjwa mahututi wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston. Ni hazina nzuri na imeondolewa majina, lakini ni ya watu waliounganishwa na mitambo inayofuatilia mapigo ya moyo saa zote. Mwanafunzi wangu anakwenda kufanya kazi penye kipimajoto na mashine ya presha. Anayetaka data ya nyumbani hushawishika kupiga picha daftari kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, jambo la hatari, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Wizara ya Afya ingeweza kutuandalia seti moja tu kutoka hospitali za wilaya, iliyoondolewa kila kinachomtambulisha mgonjwa, na mapengo yake yaachwe humo yalivyo. NACTVET nayo, baraza linalosimamia elimu ya vyuo kama vyetu, mitaala itakapopitiwa tena, iruhusu kipindi hiki kifundishwe na wawili kwa pamoja, tabibu na mtakwimu. Na jambo hili liwekwe kwenye ratiba ya kazi. Mkufunzi anayeshinda darasani na kusimamia mazoezi wodini hawezi kuachiwa ajifunze usiku, kwa bando la mfukoni mwake.

Mkufunzi wa chuo cha afya,
Morogoro