Barua ya wazi kwa vijana wa gereji ya Kent, kuhusu wimbo wa daraja

Wanangu,

Salamu nyingi, na poleni na mazoezi ya baridi hii. Nimeyasoma maelezo mnayotaka kuyabandika kwenye albamu yenu, na nyimbo zote tisa nimezisikiliza mara mbili. Nimeamua kuwajibu kwa barua ya wazi kwa kuwa jambo mlilolifanya linafanywa na wengi wa rika lenu, wawe na gitaa au wasiwe nalo. Mmeandika kwamba mlilala ndani ya gari majira mawili ya baridi. Mama zenu nawafahamu, na vitanda vyenu nilivipandisha mimi mwenyewe hadi ghorofa ya pili, mgongo ukanisumbua wiki nzima.

Kwa kuwa kila mara mnamtolea mfano Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Nirvana ya Marekani, acheni nami nimtumie. "Something in the Way" ndio wimbo wa mwisho katika orodha ya Nevermind, albamu ya Nirvana iliyotoka tarehe 24 Septemba 1991, na kwa miaka mingi watu wameusikiliza wakiamini kwamba mwimbaji anasimulia maisha yake chini ya daraja la mtaa wa Young, mjini Aberdeen, jimbo la Washington, mwendo wa takriban saa mbili kwa gari kutoka hapa kwetu. Mimi nilikwenda kuliona. Nimezaliwa Pangani, nikakulia pale mto unapokutana na bahari, kwa hiyo nilipoinama chini ya daraja lile sikuanza na maandishi ya mashabiki, nilianza na ukingo. Tope lilikuwa lile laini linalomeza kiatu, na kiatu changu cha kushoto lilikimeza kweli. Mto Wishkah hujaa na kupwa kama mto wetu, na usiku mmoja wa bamvua ungetosha kumwamsha aliyelala hapo akiwa ameloa.

Krist Novoselic, mpiga besi wa Nirvana aliyemfahamu Cobain tangu ujana wao Aberdeen, alikwisha kulisema hilo: rafiki yake alikuwa akibarizi pale, lakini kuishi kwenye tope lile, maji yakipanda na kushuka, haikuwezekana. Hata Cobain mwenyewe, alipozungumza na mwandishi Michael Azerrad, aliueleza wimbo huu kama njozi, kwamba alijiwazia kuwa mtu wa mitaani, mgonjwa, asiyeweza kujisogeza. Charles R. Cross, aliyeandika habari za maisha yake, anasema siku zile za kukosa makao kijana huyo alilala kwenye korido za majengo ya kupanga, na katika chumba cha kungojea cha hospitali ileile alikozaliwa mwaka 1967. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza. Mtu kurudi kuomba usingizi mahali alipozaliwa, miongoni mwa watu waliokuja kungoja wagonjwa wao! Daraja halikumwongezea dhiki yoyote, ila lilikuwa rahisi zaidi kuimbika. Simlaumu, kwani wimbo si hati ya kiapo. Maelezo ya albamu, hata hivyo, msomaji huyachukua kuwa ni habari.

Sasa sikilizeni jinsi ulivyorekodiwa, maana hapa ndipo ninapotaka mkae. Ilikuwa mwaka 1991, katika studio ya Sound City huko Van Nuys, California, na prodyuza alikuwa Butch Vig. Walijaribu kuupiga bendi nzima, ukakataa. Cobain akaingia chumba cha mitambo, akajinyoosha kwenye kochi na kuuimba kwa sauti ya chini mno, akipiga gitaa la nyuzi tano ambalo halikuwa limetuniwa sawasawa, ili tu amwonyeshe Vig anachokitaka. Vig hakumrudisha kule ndani. Alizima mashine ya hewa, akachomoa simu, akasogeza maikrofoni karibu, akarekodi palepale. Baadaye besi na dramu ziliwekwa juu ya sauti hiyo iliyokwisha kurekodiwa, kazi ngumu kwa yeyote aliyewahi kuijaribu, na Dave Grohl, mpiga dramu wao, ambaye kwa kawaida huzipiga ngoma kama ana deni nazo, aliombwa apige kwa upole kabisa. Mwisho akaja Kirk Canning na chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, akalazimika kuifuata tuni ya gitaa lile lililopinda.

Wimbo uliotengenezwa hivyo haukutolewa kama singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake nje ya albamu. Waliurudia New York tarehe 18 Novemba 1993 katika Unplugged, onyesho la televisheni ya MTV la kupiga muziki bila vyombo vya umeme vya kelele, Lori Goldston akipiga chelo, na Aprili iliyofuata Cobain akafariki akiwa na miaka 27. Kisha Matt Reeves, aliyekuwa akiusikiliza alipokuwa akiandika filamu yake ya The Batman, akauweka ndani ya filamu hiyo, na mwaka 2022 ukaingia kwenye Hot 100 ya Billboard, orodha ya nyimbo 100 zinazovuma zaidi Marekani, kwa mara ya kwanza, miaka zaidi ya 30 tangu urekodiwe. Nina hakika wengi walioutafuta mwaka ule hawakuwa na habari ya daraja lolote. Waliisikia ile sauti ya kwenye kochi.

Kwa hiyo lile gari lifuteni. Wimbo wenu wa saba, wa mtoto anayekaa dirishani akingoja mama arudi kutoka zamu ya usiku, najua ni wa nani na dirisha lenyewe nalijua. Mmeupiga kwa kelele hadi mama hasikiki anapofungua mlango. Nitakuja Jumamosi baada ya adhuhuri turekodi upya, mwimbaji akiwa ameketi, dramu kwa brashi. Na lile jokofu la gereji, linalonguruma katika kila wimbo wenu, mlichomoe kabla sijafika. Samaki wa mama wahamishieni kwangu.

Mzee wenu wa Pangani