Chipu Haimtafuti Mbwa

Tarehe 3 Januari mama mmoja aliingia kliniki kwetu hapa Mbezi akiwa na simu mkononi. Hata kwenye benchi hakukaa. "Dokta, nionyeshe mbwa wangu yuko wapi." Jemani shepadi wake aliruka ukuta usiku wa mkesha fataki zilipoanza. Mwaka juzi tulimwekea chipu kwa shilingi 70,000, na muda wote huo mama aliamini kwamba tukibonyeza kompyuta tutamwona mbwa anatembea kwenye ramani, kama bodaboda uliyoiita kwa simu. Tulipomwambia haiko hivyo aliondoka na hasira zake. Jioni tukajisoma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: matapeli, wanauza chipu feki.

Huyu si wa kwanza. Kila sikukuu zikipita tunapata wawili watatu wa aina hii, kwa hiyo tunaandika hapa ili siku nyingine tuwaonyeshe wasome wenyewe.

Chipu ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele. Tunakiingiza kwa sindano nene chini ya ngozi, katikati ya mabega. Hakina betri wala laini. Kimelala tu humo mpaka mtu apitishe skana, kifaa cha kukisoma, karibu na ngozi; hapo kinatoa namba yenye tarakimu 15, basi. Namba hiyo haijui unaitwa nani. Jina lako na simu yako viko kwenye kumbukumbu zetu, tena ni zile ulizotuandikia siku ile. Kinachoonyesha mnyama kwenye ramani ni kifaa cha GPS, kinavaliwa shingoni, kinachajiwa na kinakula bando. Hicho hatuuzi, na hatujawahi kusema tunauza.

Mbona basi 70,000 kwa punje ya mchele? Tunaulizwa kila wiki. Kabla ya kuchoma tunaskani mwili mzima, maana mbwa wa kununuliwa anaweza kuwa na chipu ya mwenye mali wa kwanza, na hilo ni kesi. Tunaskani chipu ikiwa bado kwenye pakiti. Tunachoma, halafu tunaskani tena. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanaona ni mbwembwe. Kuna kijana alikuwa anapita nyumba kwa nyumba Goba akiweka kwa nusu ya bei yetu, bila skana. Akaletwa kwetu mbwa mwenye kadi nzuri, stika ya namba imebandikwa, tukamskani kuanzia masikioni mpaka mkiani: hakuna kitu. Sindano iliingia upande mmoja wa ngozi ikatokea upande wa pili, chipu ikadondoka kwenye majani. Hata sisi imewahi kututokea, ila sisi tuliiona palepale na kurudia bila kudai hata senti. Yule mwenye mbwa alilipa mara mbili.

Na tuseme jambo litakalotupunguzia mauzo: kabla ya chipu, nunua mkanda wa shingoni na kibati chenye namba yako ya simu. Fundi wa kuchonga funguo na mihuri atakuchongea kwa bei ya soda chache. Mlinzi au muuza genge aliyemwona mbwa wako hana skana, ana simu. Usiandike kwa kalamu ya wino kwenye mkanda; mvua moja tu, namba imekwenda. Halafu mkanda wenyewe unamwambia mtu kwamba huyu ana kwao. Msako wa mbwa wazururaji ukipita, asiye na mkanda ndiye anayeanza kuondoka.

Akipotea, toka kwa miguu saa hiyohiyo. Picha ya WhatsApp ataituma mtoto wakati wewe unatembea. Mbwa aliyekimbia fataki mara nyingi anajibanza kwenye jengo ambalo halijaisha au mtaroni, na akikuona anaweza kukukimbia hata wewe, kwa hiyo usimfukuze na usiwachukue vijana kumi wa kupiga miluzi. Nenda alfajiri, bodaboda hazijaanza kelele, na sufuria anayolia chakula kila siku. Kaa chini, gonga sufuria. Waulize walinzi wa usiku, mabucha, mama ntilie na wachoma mishkaki, maana njaa itampeleka huko. Kisha mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Getini acha kanga uliyolalia, haijafuliwa.

Paka ni habari nyingine. Paka wa ndani akitoka huwa haendi mbali. Dada mmoja wa Sinza alibandika matangazo mpaka Mwenge, siku tatu, na paka alikuwa kwenye dari ya jirani waliyeshea ukuta. Tulimwambia atoke saa nane usiku na tochi: macho yanang'aa, huhitaji kuita.

Njia ya mkato inayotuumiza roho ni tangazo la zawadi nono lenye kila alama ya mnyama. Kaka wa Kunduchi aliandika mpaka kidonda cha sikio. Ndani ya saa moja akapigiwa: mbwa wako ninaye huku Bagamoyo, tuma hela ya bajaji. Akatuma 50,000. Kesho yake ikawa ya chakula. Ya tatu ndiyo akatuuliza sisi. Alama moja ibaki siri yako. Anayedai kumpata akutajie, au akutumie video mbwa akiitwa jina lake. Hela inatoka ukiwa umeshika mkanda.

Upande wa pili ni wewe uliyeokota. Mbwa koko au paka shume anatia huruma, tunaelewa, lakini usimwingize sebuleni kwa watoto kabla hajachunguzwa na kuchanjwa kichaa cha mbwa. Kuskani kwetu ni bure, huenda ana mwenyewe anamtafuta. Familia moja ilichukua kitoto cha mbwa mtaroni, kikamng'ata mtoto kidole, baba akakiua kwa rungu na kukitupa. Hasira tunaijua, ila baada ya hapo hakukuwa na mbwa wa kuangaliwa kama ana kichaa, na mtoto akamaliza sindano zote. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo, usisubiri. Mbwa afungwe aangaliwe siku 10. Akiwa mzima bado, daktari wako anaweza kusitisha zilizobaki. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa.

Sasa turudi kwa yule mama. Usiku tulioitwa matapeli, tulipekua droo tukakuta karatasi ya msaidizi wetu aliyekuwa zamu tarehe 1. Kliniki ya wenzetu Tegeta ilipiga: wameletewa jemani na mlinzi, namba ya chipu ni hii. Msaidizi akatafuta jina, akampigia mama mara nne. Haipatikani. Mama alibadilisha laini mwaka jana hakutuambia, na nafasi ya namba ya pili aliiacha wazi akisema mume wake angetuletea. Karatasi kulala droo siku mbili ni kosa letu, hilo tunalibeba, na sasa kuna daftari mezani.

Tulimfuata nyumbani usiku uleule, tukaenda wote Tegeta. Mbwa alikuwa amekula, amelala. Mama ametuachia namba tatu safari hii, na ya mume wake imo. Ujumbe wa kwenye kundi bado haujafutwa.