Barua kwa Mwanangu: Hesabu Milima Kabla ya Kilomita

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako pamoja na ramani ya safari unayotaka kuifanya kwa baiskeli kupitia vijiji vya milimani, nami nimefurahi kuona kwamba hukuchagua njia nyepesi. Lipo jambo moja ninaloomba ulirekebishe kabla hujapanga siku ya kuondoka: safari yote umeipima kwa kilomita, ilhali milimani kinachoamua mwendo ni mita za kupanda.

Umeandika kwamba kilomita 120, kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa, zitakuchukua muda wa saa 5. Ramani yako inaonyesha jumla ya mita 2,800 za kupanda. Mwendesha baiskeli mwenye mazoezi ya kutosha huweza kupanda kama mita 700 kwa saa moja, kwa hiyo milima peke yake itakula saa 4. Ukijumlisha miteremko na sehemu za tambarare, utakuwa juu ya baiskeli kwa karibu saa 7, na hapo bado hujasimama popote. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua iwapo mteremko wa mwisho utaushuka mchana au usiku, na mimi sitaki uushuke usiku.

Usiridhike pia na wastani wa mwinuko. Barabara ya Alpe d'Huez nchini Ufaransa, ambayo mashindano ya Tour de France yaliipanda kwa mara ya kwanza mwaka 1952, ina urefu wa kilomita 13.8 na wastani wa takriban asilimia 8, yaani mita 8 za kupanda katika kila mita 100 za barabara, lakini vipande vyake vya mwanzo, kabla ya kijiji cha La Garde, huzidi asilimia 10. Anayeanza kwa pupa akiutegemea ule wastani huchoka mapema, na sehemu kubwa ya mlima ingali mbele yake. Kwa hiyo kila mlima ulio katika njia yako uugawe kilomita moja moja, uone ukali umejificha wapi.

Kuhusu gia, nakushauri ubadilishe za nyuma. Gurudumu la mnyororo lenye meno 34 mbele na 28 nyuma, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, litakulazimisha kuzungusha pedali kama mara 65 kwa dakika, kila mzunguko ukiwa mzito. Ukiweka meno 34 nyuma, mizunguko itafika karibu 80, na magoti yako yatakushukuru katika mlima wa tatu.

Vijiji ndivyo vilivyonishughulisha zaidi nilipoitazama ramani, kwa kuwa wewe umevichora kama mapambo ya njia, nami naviona kuwa ndivyo vinavyoibeba safari yenyewe. Mtu anayepanda mlima huhitaji kati ya nusu lita na robo tatu ya lita ya maji kila saa, na zaidi jua likiwa kali, na chupa zako mbili hazizidi lita moja na nusu; basi umbali kutoka kijiji kimoja hadi kingine usizidi muda wa saa 2 wa kupanda, la sivyo beba chupa ya tatu. Hakikisha mapema ni wapi maji yanapatikana, kwa maana jina kwenye ramani si ushahidi kwamba kuna bomba. Kila kijiji kiandikie muda unaotarajia kufika na barabara fupi ya kukurudisha bondeni, ili ukichelewa sana, au mvua ikianza, uamuzi wa kukatisha safari uwe umekwisha kufanywa ukiwa na akili tulivu. Chakula nacho uanze kula ndani ya saa ya kwanza, kabla njaa haijakuuma.

Sasa miteremko, ambayo hukuitaja hata kwa sentensi moja. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, unapita karibu mita 14 kila sekunde, na barabara inayoingia kijijini mara nyingi huwa nyembamba, ina changarawe kwenye kona, mifugo na watoto. Punguza mwendo kabla ya kona, wala usizishike breki mfululizo, hasa kama zinabana ringi, kwa sababu ringi ikipata joto kali tyubu inaweza kupasuka. Beba koti la kuzuia upepo, kwani joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na jasho la mpando hugeuka baridi mara tu unapoanza kushuka. Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki wa mbio za baiskeli wa mwaka 1992, alifariki mwaka 1995 baada ya kuanguka kwenye mteremko wa mlima wa Portet d'Aspet nchini Ufaransa akiwa hana kofia ngumu. Naomba yako usiivue hata wakati wa kupanda.

Nitumie ramani mpya yenye muda wa kufika kila kijiji, nami nitaupitia kila mlima kabla hujathibitisha tarehe.

Mama yako akupendaye